Mfangano kuona taa za omena: niende lini?

Msafiri wa Nakuru
Hamjambo. Ninafundisha Nakuru na sijawahi kulala kando ya Ziwa Viktoria. Natamani kwenda kisiwa cha Mfangano likizo ya Aprili, nione usiku taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nipitie wapi, na mgeni ajiweke vipi huko?

Mama Omena, Kisumu
Karibu sana, mwalimu. Ila Aprili taa hutaziona. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili wazaane. Ngoja likizo ya Agosti, na hata hapo utazame mwezi kwanza. Omena hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa pevu taa haifui dafu. Wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Nenda siku za giza.

Kutoka Kisumu shika gari la Luanda Kotieno, uvuke kwa feri hadi Mbita, kisha boti ya Mfangano. Safiri asubuhi, maana mchana upepo huchafua ziwa. Nahodha asiyekupa jaketi la kuokolea, usipande chombo chake.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Wageni wanafika ufukweni na simu mkononi, wanakanyaga nyavu zilizoanikwa omena, wanapiga picha akina mama bila hata salamu. Yule mama kanunua omena alfajiri, pengine kwa pesa ya mkopo. Mvua ikimkuta hawajakauka, wataenda kuwa chakula cha kuku, naye amekula hasara. Wingu likitanda anakimbia kuwakusanya. Usimsimamishe kwa maswali, mshikie gunia.

Kijana wa Mbita
Mama amesema kweli. Mwalimu, usiogelee pembeni penye majani, kuna kichocho. Na usirudi kabla ya kupanda Kwitone kuona michoro ya kale kwenye mwamba, miduara myekundu na myeupe. Tafuta mwenyeji akupeleke. Wasuba, wenyeji wa kisiwa, wanapaheshimu mahali pale.

Msafiri wa Nakuru
Asanteni mno. Basi ni Agosti. Mama, naweza kununua omena palepale?

Mama Omena, Kisumu
Nunua, tena kwa yule aliyewaanika. Hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Chukua mkononi uwasikie: mkavu huvunjika, mbichi hujikunja. Msalimie kwanza, uliza bei, na usimbane sana. Ukimlipa vizuri, hapo ndipo umuombe picha.