Mota ya pampu ya bwawa: isukwe upya au ninunue mpya?

Wakuu, habari za jioni. Pampu ya bwawa la kuogelea hapa nyumbani Mbezi Beach, ya hosipawa 1, fezi moja, siku hizi ukiwasha inanguruma tu bila kuzunguka, kisha breka inakata. Nikiisukuma shafti kwa kijiti upande wa feni inaondoka, ila kelele zake ni kama mashine ya kusaga. Fundi keshasema mota imeungua, isukwe upya, yaani nyaya zake za ndani zizungushwe nyingine. Mimi nashuku kapasita (kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) na beringi (zinazobeba shafti izunguke laini), maana harufu ya kuungua sijaisikia, na sili, ile ya kuzuia maji yasifike kwenye mota, inavujisha maji kwenye shafti. Waliowahi kupitia hili: nibadili kapasita, beringi na sili kwa pamoja, au nichukue mota mpya? Kijani kimeshaanza bwawani.