Kulea watoto wadogo Mwanza wakati wa kiangazi: swali la baba wa Malmö na majibu yake

Ndugu wanajumuiya,

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi. Kwetu mimi ndiye ninayekaa nyumbani na watoto, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Mke wangu ni mhandisi, na likizo yake mwaka huu ni fupi. Tumekubaliana niende nao Mwanza, kwa wazazi wangu Kitangiri, kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, naye atufuate mwishoni. Nimezaliwa na kukulia huko, lakini sijawahi kulea mtoto mdogo huko. Naomba aliyewahi kufanya hivyo anieleze siku inavyokwenda: ziwa, maji, chakula, usingizi, na namna ya kuishi na wazee ambao hawajazoea kumwona mwanamume akimwogesha mtoto.

Baba wa wawili, Malmö, Uswidi

* * *

Kaka yangu wa Malmö,

Barua yako imenikuta Pasiansi, hapahapa Mwanza, nyumbani kwa mama mkwe, ambako niko na watoto wangu. Mke wangu yuko kazini hospitalini Göteborg hadi mwisho wa Julai. Mkubwa ana miaka mitano na mdogo miwili, kwa hiyo hali yako naielewa vizuri.

Neno ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba usifike ukawakabidhi watoto kwa bibi yao kana kwamba zamu yako imeishia uwanja wa ndege. Ndugu watakupokea kwa furaha, watakuambia upumzike, na dada mmoja au binamu ataitwa kuja kusaidia, nawe baada ya siku chache utajikuta unakaa barazani na wanaume wenzako huku mtoto analia chumbani kwa sababu mtu asiyemfahamu anamvua nguo. Mtoto wa umri huo amepoteza kwa mkupuo mmoja mama yake, kitanda chake, chakula alichokizoea na lugha ya chekechea. Aliyebaki wa kumtambua ni wewe peke yako. Kwa hiyo kuogesha, kulisha, kulaza na dawa viache mikononi mwako, angalau hadi uone mtoto mwenyewe ameanza kumfuata bibi kwa hiari. Kufua na kupika pokea msaada bila kusita.

Kuhusu usingizi nina habari njema. Tofauti ya saa kati ya Uswidi na Tanzania wakati wa kiangazi ni saa moja tu, na sisi wa kaskazini tunaohangaika mwezi Juni kuwalaza watoto jua likiwa bado linawaka saa tatu usiku tunapata nafuu kubwa hapa, kwa kuwa Mwanza iko karibu na Ikweta na jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Watoto wangu wanakula saa kumi na mbili na nusu, wanaingia kwenye chandarua saa moja na nusu, na saa mbili nyumba imetulia. Lete sweta na soksi. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai zina baridi ambayo mtoto aliyelala bila shuka huamka nayo akikohoa. Mchana ni joto kavu lenye upepo na vumbi, na vumbi hilo huwasumbua watoto wenye vifua vyepesi kuliko baridi yenyewe, kwa hiyo kama mmoja wao hutumia dawa ya kuvuta, ije ya kutosha.

Siku yetu imejipanga yenyewe kwa kufuata jua. Asubuhi ni uji wa ulezi, kisha tunatoka hadi saa nne hivi. Kuanzia saa sita hadi saa tisa tuko ndani au chini ya mwembe, mdogo analala, nami na mkubwa tunasoma au tunachambua mchele. Saa kumi tunatoka tena, na kabla giza halijaingia kila mtu amevaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Ziwa Victoria ndilo litakalokupa kazi kubwa. Linaonekana kutoka karibu kila kilima, watoto wa jirani wanaogelea, na mwanao atakuuliza kwa nini kule anaruhusiwa kuingia baharini na hapa anakatazwa. Kichocho cha tumbo kipo pande zote za mwambao huu. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji tulivu ya ufukweni, hasa penye magugu, hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache bila mtoto kuhisi chochote cha kumfanya alie. Kwa sababu hiyo hatuingizi hata mguu, wala sikubali hoja kwamba ufuo fulani ni salama kwa sababu mchanga wake ni safi na kuna viti vya kupumzikia. Wapo ndugu watakaokuambia kwamba wao wameoga humo tangu utotoni na wako hai. Wasikilize kwa heshima, kisha shikilia uamuzi wako. Mimi nimenunua beseni kubwa la kufulia, nalijaza maji ya bomba asubuhi, jua linayapasha, na alasiri watoto wote wa ua wanaingia humo kwa zamu.

Maji ya bomba yanatosha kuogea, lakini ya kunywa yachemshwe, na nyumba ikiwa na tangi la akiba uliza lilisafishwa lini. Ikitokea mgao mkachota ziwani, maji hayo yachemshwe hata kama ni ya kuoga, au yakae kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kamili kabla ya kugusa ngozi ya mtoto, kwa kuwa vimelea hivyo havidumu zaidi ya hapo bila kumpata mtu wa kumwingia.

Usije ukadhani basi kwamba watoto wako hawatalijua ziwa. Nenda nao soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, wakaone dagaa wakishushwa kwa magunia, mitumbwi ikizibwa nyufa, na sangara ambao ni warefu kuliko wao. Usiku ambao hauna mbalamwezi wapandishe kwenye mwamba wowote ulio karibu kabla ya kulala, waone taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa majini, uwaeleze kwamba dagaa huufuata mwanga na ndiyo maana wavuvi hupumzika mwezi ukiwa mkubwa. Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, na mtoto wa miaka minne anaweza kukitembea sehemu kubwa kwa miguu yake mwenyewe. Kuna swala, pimbi na kenge, na njia ni fupi. Jaketi okozi la saizi ya mtoto njoo nalo kutoka huko, kwa sababu yaliyopo kwenye vyombo vingi ni ya watu wazima, na mtoto mdogo huchomoka humo. Sisi wa Mwanza tunaokumbuka kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018 hatuhitaji kuelezwa zaidi juu ya hilo.

Miamba yenyewe inatosha kuwa uwanja wa michezo. Juu yake kuna wale mijusi ambao madume yao yana vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu, aina ambayo wataalamu wameiita Agama mwanzae kwa jina la mji huu, na mwanangu mkubwa anaweza kukaa akiwatazama muda mrefu kuliko anavyoweza kukaa mbele ya runinga. Wavalishe viatu vilivyofunika vidole, wasiingize mikono kwenye nyufa kwa sababu ya nyoka, na ifikapo saa tano washuke, maana jiwe likishapata moto huunguza.

Chakula nitasema kidogo. Sato ana miba midogo mingi, kwa hiyo kwa mdogo nachukua mnofu wa sangara na bado naupapasa kwa vidole kabla sijampa. Dagaa nawachambua vichwa, nawaosha kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, nawakaanga bila mafuta, kisha nawasaga na kuchanganya kijiko kimoja kwenye uji au mboga. Karanga nzima usiwape kabisa walio chini ya miaka mitano, zitwange. Matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) yaliyochemshwa na karanga za kutwanga yamekuwa chakula wanachokipenda kuliko vyote, na maziwa ya kununua mlangoni yachemke hadi yafoke.

Kuna jambo la ratiba ambalo wengi wetu hatulifikirii. Shule za hapa kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa mapema Julai, wakati za Uswidi hufungwa katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti. Maana yake ni kwamba utapata takriban wiki tatu ambazo ua umejaa binamu, watoto wako wanashika Kiswahili kwa kasi ambayo hukuitarajia, kisha asubuhi moja wote wanavaa sare na kuondoka kabla jua halijachomoza, na wa kwako wanabaki wamesimama getini. Siku hizo ndizo ngumu. Ziwekee akiba ya safari zako: Saanane, Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, au safari ya Sengerema kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambalo lina urefu wa karibu kilomita 3 na limechukua nafasi ya kivuko tulichokuwa tukikisubiri kwa saa nyingi. Ukibaki hadi Agosti, maonyesho ya Nane Nane yana ng'ombe, mbuzi, sungura na matrekta, na kwa mtoto mdogo hakuna zaidi ya hapo.

Sasa wazee. Kule kwetu Uswidi wazazi hupewa siku 480 za likizo kwa mtoto mmoja, na 90 kati ya hizo ni za kila mzazi, hawezi kumwachia mwenzake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa baba angalau siku 3. Mzee aliyeishi maisha yake yote chini ya utaratibu huo, na kabla yake pasipo siku hata moja, atakuuliza mama yao yuko wapi, na swali lake ni la haki. Mimi hujibu kwamba mama yao yuko kazini, anatulisha sote, na kwamba mwezi huu zamu ya nyumbani ni yangu. Siongezi hotuba. Baba mkwe alinyamaza siku za mwanzo, kisha akaanza kuja uani saa ya kuogesha, akavuta kigoda akawa ananishikia taulo. Katika jambo hili naamini kazi inayofanywa kwa utulivu, kila siku, mbele ya macho yao, huwaeleza wazee zaidi ya maelezo yoyote. Ila usimbishie mama yako mbele ya watu kuhusu mtoto. Mfuate jikoni jioni, mkiwa wawili.

Baba wa Pasiansi, ambaye kwa miezi mingine ni wa Göteborg

* * *

Kaka zangu wote wawili,

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Aarhus, Denmark, na kwetu ni Igogo, Mwanza. Maelezo ya kichocho ni sahihi, nami naongeza kwamba mtoto akiingia ziwani kwa bahati mbaya, kumpima choo kesho yake hakutaonyesha kitu. Pimeni baada ya wiki sita hadi nane tangu alipogusa maji. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa uzito au kimo, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba hata kwa watoto wa miaka miwili. Dawa za kinga ya malaria nazo hupimwa kwa uzito, kwa hiyo mpimeni mtoto wiki ya safari, msitegemee kipimo cha kliniki cha miezi iliyopita. Na mkirudi, homa yoyote ndani ya miezi inayofuata mwambieni daktari mlangoni kwamba mmetoka Tanzania, hata kama dawa mlimaliza.

Mahali ninapotofautiana na kaka wa Pasiansi ni kwa bibi. Mzazi mmoja anayelea usiku na mchana kwa wiki nyingi huchoka, na aliyechoka husahau kufunga chandarua. Mpeni bibi saa zake tangu wiki ya kwanza.

Dada wa Aarhus

* * *

Dada, marekebisho yako nayapokea. Hapa kwetu bibi ana saa zake kila alasiri, kuanzia saa tisa hadi saa kumi, na mimi hulala au huenda sokoni; ninachosisitiza ni kwamba saa hizo ziwe zilezile kila siku, ili mtoto ajue nitarudi lini. Kuhusu wiki ya kwanza, kwa mtoto wa kaka mwenye mwaka mmoja na nusu, ningeanza kwa nusu saa, baba akiwa palepale uani.

Kaka, nimalizie la nyaraka ulilolisahau. Kwa kuwa unasafiri peke yako na watoto, beba barua ya ridhaa iliyosainiwa na mama yao, nakala ya pasi yake ya kusafiria, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwenye begi la mkononi na si kwenye mzigo. Kama watoto wana pasi za Uswidi, viza zao ombeni mtandaoni mapema, kila mmoja ya kwake. Vyandarua vya kitanda cha mtoto usibebe. Vinapatikana hapa, na vina dawa tayari.

Baba wa Pasiansi