Aliyeacha sumu vitani alipe kusafisha udongo na maji, hata kama miaka 50 imepita?

Mzee wa Hoja: Wakuu habari za muda huu. Iraq ilipofurushwa Kuwait mwaka 1991 iliacha visima vya mafuta zaidi ya 600 vinawaka. Umoja wa Mataifa ukaunda tume, Iraq ikawa inakatwa hela ya mafuta yake mpaka ikamaliza deni mwaka 2022, dola bilioni 52 na ushee, na humo kuna fungu la kusafisha jangwa lililolowa mafuta. Haya njooni Vietnam. Marekani wamemwaga dawa za kuua mimea kuanzia 1962 hadi 1971, zaidi ya lita milioni 70, na mojawapo, ile Agent Orange, ilikuwa na dioksini ndani yake, sumu kali inayokaa miaka mingi. Hapo hakuna tume wala kukatwa hela. Je, aliyemwaga sumu abanwe kisheria asafishe, au tuendelee kusubiri huruma yake?

Chuma Moto: Vita ni vita mkuu, anayelipa ni aliyeshindwa. Marekani ana kura ya turufu, nani atamkata hela? Halafu misitu si imeota tena, ardhi inajitibu yenyewe. Na hao wanaong'ang'ania kukaa kwenye udongo wenye sumu nao ni uzembe, si wahame tu.

Mama Wawili: "Si wahame tu"??? Chuma Moto umeandika hivyo ukiwa umekaa kwako umetulia. Mkulima ana kipande kimoja cha ardhi, makaburi ya wazazi wake yako hapo, hajui hata sumu iko bwawa lipi maana haina rangi wala harufu, halafu unamwita mzembe! Mzembe ni aliyemwaga.

Nyuki Dume: Naunga mkono hoja ya Mama Wawili. Ila tuwe wakweli, Marekani walisharudi Da Nang kule Vietnam wakasafisha, nadhani walimwaga dawa nyingine ya kuivunja ile sumu.

Fundi Maabara: Hapana mkuu, hawakumwaga dawa. Waliuchimba ule udongo na tope wakaurundika kwenye boksi kubwa la zege, wakashindilia mabomba ya kupasha moto katikati, wakaupika mpaka nyuzi joto 335 kwa miezi dioksini ivunjike. Da Nang iliisha 2018, na hapo ni uwanja mmoja wa ndege. Bien Hoa, uwanja mwingine wa ndege hukohuko Vietnam, ni kubwa zaidi, imeanza 2019 na bado. Na wewe Chuma Moto uliyesema misitu imeota, dioksini haielei kwenye maji ukaiona, inang'ang'ania tope la chini, wadudu wanakula tope, samaki na bata wanakula wadudu, inajikusanya kwenye mafuta ya mnyama, ukimla umeibeba. Mwilini mwa mtu inachukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu. Sasa ukihama unahama nayo!

Mzee wa Hoja: Asante Fundi kwa nondo. Ila naomba mtu anijibu hili, hela za Da Nang zilitolewa kama msaada, siyo kama deni. Wanajeshi wa Marekani waliougua wana sheria yao tangu 1991 inayowapa fidia kwa sumu hiyohiyo. Kwa nini mwanajeshi alipwe na mwanakijiji apewe msaada?

Chuma Moto: Mama Wawili usinilishe maneno, mimi sijatukana mkulima. Wafaransa walihama! Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ilifunga eneo zima karibu na Verdun, kuna vijiji havikujengwa tena mpaka leo. Mbona hao hamlii nao?

Fundi Maabara: Verdun umeitaja mwenyewe, sasa sikiliza. Kuna sehemu msituni pale mwaka 1928 walichoma mabomu ya gesi ya sumu kama 200,000 yaliyobaki vitani. Mpaka leo ni uwazi mweusi katikati ya miti, udongo umejaa sumu ya aseniki, kuna majani machache tu yanayovumilia. Karibu miaka 100! Ndiyo ardhi inajitibu hiyo? Na mwaka 2012 kaskazini mwa Ufaransa, wajawazito na watoto wachanga kwenye manispaa zaidi ya 500 waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya perikloreti, chumvi ya kwenye vilipuzi, na inahusishwa na mabomu ya vita hiyohiyo. Hao hawakukaa kwenye eneo lililofungwa, maji ndiyo yamewafuata.

Kitabu Wazi: Kisheria Mzee wa Hoja ana kazi. Itifaki ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, inakataza uharibifu wa mazingira ulio mpana, wa muda mrefu na mkali, vyote vitatu kwa pamoja, na Marekani haijairidhia. Wavietnam waliyashitaki makampuni yaliyotengeneza dawa, mahakama ya New York ikaitupa kesi 2005. Makampuni hayohayo yalikuwa yameshawalipa wanajeshi dola milioni 180 kwa makubaliano ya 1984.

Mzee wa Hoja: Sawa, ndiyo maana nauliza tudai sheria mpya au...

Mama Wawili: Subiri Mzee, simalizani na huyu. Chuma Moto uliandika "uzembe", neno liko hapo juu, lifute.

Chuma Moto: Silifuti. Nilimaanisha usalama wa watoto wao. Ningekuwa na mtoto hapo nisingesubiri mahakama, ningebeba virago usiku huohuo.

Mama Wawili: Uende kwenye ardhi ya nani, kwa hela ya nani? Umesema mwenyewe aliyemwaga halipi kwa sababu hakuna wa kumbana. Basi gharama ya kuhama umembebesha mkulima, na bado ukamtukana.

Nyuki Dume: Hapo Chuma Moto jibu, kuhama kwenyewe nani alipie?