Kulala banda za Mlima Elgon na watoto: tutaonaje wanyama bila kujiingiza hatarini?

MamaWatatu
Habarini wadau. Likizo ya Desemba nataka tupeleke watoto Mlima Elgon, tulale siku mbili pale Kapkuro, zile banda za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) karibu na geti la Chorlim. Tutakuwa mimi, mzee wangu, mamangu wa miaka 68, na watoto wa miaka 11, 8 na 4. Kitale tunauona huu mlima kila siku na watoto wananiuliza kuna nini huko juu, sasa nimeamua waende wajionee wenyewe. Kinachoninyima usingizi ni kwamba jirani aliyelala huko anasema jioni nyati walikuja wakala nyasi hadi karibu na baraza, yeye aliona ni raha sana lakini mi nikafikiria huyu wa miaka 4 ambaye mlango ukiachwa wazi dakika moja ashatoka. Je, kuna njia ya kuwaona wanyama vizuri bila kuhangaika muda wote? Na yale mapango ya ndovu, naweza kuingia na watoto? Nisaidieni kabla sijalipia kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali.

Mtembezi_Endebess
Karibu sana mlimani dada. Nimepeleka wageni huko miaka mingi na hofu yako iko mahali pake, ila usikatae safari kwa sababu yake. Kitu cha kwanza, kule huhitaji kumfuata mnyama. Saa kumi na moja jioni keti barazani na mamako, blanketi magotini na chai mkononi, nyamazeni tu, swala kina pongo na kuro watatoka wenyewe msituni waje kula, na mbega utawaona juu ya miti na ile mikia yao meupe. Watu wanaorudi wakilalamika hawakuona kitu mara nyingi ni wale waliokuja na spika ya muziki.

Sasa nyati. Kundi kubwa likikuona linaweza kuinua vichwa, likuangalie, likaondoka. Wa kuogopwa sana ni yule dume mzee anayetembea peke yake, huyo hana kundi la kumlinda kwa hivyo ukimshtua karibu hakimbii, anakuja. Na anapenda kulala kwenye kichaka kizito ambapo humwoni mpaka umemfikia. Ndio maana nasema giza likianza kuingia, watoto wote ndani na komeo iwe juu wasipofika. Kama lazima mtu atoke kwenda kwenye gari, aende mtu mzima na tochi kali, amulike kwanza pande zote akiwa bado mlangoni, asikilize, ndio atoke. Ukisikia kitu kikivuta nyasi kwa nguvu hapo gizani, hicho kitu cha kwenye gari kitangoja asubuhi. Picha mchukue mkiwa barazani na muondoe flashi, na mnyama akiacha kula akakukazia macho ujue ashakuona na hajakupenda, rudini ndani polepole bila kumpa mgongo na bila kukimbia.

Ndovu wa Elgon ni waoga, waliwindwa vibaya sana miaka ya 70 na 80, wengi wanatembea usiku. Ukibahatika kumwona kutoka kwa gari zima injini na ukae mbali, akitandaza masikio na kutikisa kichwa basi rudisha gari nyuma mumpe njia.

BabaNeema
Niongeze moja, CHAKULA. Sisi tulikuwa kwenye banda za mlima mwingine, sitautaja, kijana wangu alikuwa na ndizi mkononi barazani, dume la nyani likashuka kutoka kwa paa likamnyang'anya na kumkwaruza mkono, tukamaliza likizo kwenye foleni ya sindano za kichaa cha mbwa. Mpaka leo nikikumbuka ile damu moyo unaniuma kwa sababu wageni waliotutangulia walikuwa wakiwatupia mkate wapate picha, na nyani akishajua mtu ni chakula hatofautishi mkubwa na mtoto. Kuleni ndani, dirisha la jikoni lifungwe hata mkiwa mmekaa hapo, taka ziingie ndani usiku maana fisi naye ana pua. Na tafadhali usiwape chochote hata watoto wakilia.

Nesi_wa_Bungoma
Kuhusu mapango mimi nitasema wazi. Pango la Kitum linahusishwa na wagonjwa wawili wa Marburg, ile homa hatari ya virusi, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, wa pili alikuwa mtoto wa miaka 15, wote walikuwa wametembelea hilo pango na wote walifariki. Virusi hivyo hubebwa na popo wanaokula matunda. Wagonjwa wawili kwa miaka yote hiyo ni wachache, lakini ugonjwa wenyewe hauna mchezo, na mtoto wa miaka 4 hushika kila kitu kisha vidole mdomoni. Mi singemwingiza.

Mtembezi_Endebess
@Nesi_wa_Bungoma hapo kwa mtoto mdogo nakubaliana nawe kabisa. Lakini dada asiache kupeleka watoto mpaka kule kabisa, kwa sababu hakuna mahali pengine unaweza kumweleza mtoto kwamba ndovu wanaingia gizani kama mita 200 ndani ya mlima wakipapasa kwa mkonga, wanachimba ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Nendeni na renja, mbaki nje mkisikiliza hiyo hadithi. Makingeny, pango lingine la hapo, nayo ina maji yanayoanguka mbele ya mlango wake, unaiona vizuri ukiwa nje. Watu wazima wanaotaka kuingia ndani wavae maski, glavu na viatu vya kufunika, wasiguse popo wala kinyesi chao.

BabaNeema
Na kama mamako anataka kutembea bila wasiwasi wa nyati, siku ya kurudi piteni Saiwa Swamp, ile hifadhi ya kinamasi. Kule mnatembea kwa miguu juu ya njia za mbao, mnaona nzohe, wale swala wa kinamasini, kwenye matete na yule tumbili wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe.

MamaWatatu
Asanteni sana, mmenitoa mzigo. Nimelipia usiku mbili, komeo ya ziada nabeba mwenyewe, na mapangoni mzee ataingia na renja, sisi tutabaki nje na kukhu, yaani nyanya yao. Swali la mwisho, mtoto mdogo huamka usiku, kuna kelele gani huko ili nisishtuke nami?

Mtembezi_Endebess
Perere. Ni mnyama mdogo kama sungura anayeishi mitini, lakini usiku hulia kwa sauti ya kukwaruza inayopanda ikawa mayowe, wageni wengi wameniamsha wakidhani mtu anauawa. Hana shida na mtu. Mweleze mtoto kabla hajalala, mwambie anafananaje, halafu utaona asubuhi yeye ndiye atakuuliza kama ulimsikia.