Ushauri: Dar hadi Kilwa na Lindi kwa gari dogo, nikiwa na mama mzee na watoto. Hifadhi ya Nyerere itaingia humo?

MwanaTemeke

Wakuu, salaam kwenu, na wakubwa shikamooni.

Shule zikifungwa mwezi wa sita nataka kuipeleka familia kusini. Tupo watano: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, na watoto wawili, mmoja kidato cha pili, mwingine darasa la tano. Gari ni IST, nzima kabisa, ila ndiyo hivyo, iko chini.

Safari hii ni ya mama. Kafundisha shule ya msingi hadi anastaafu, kawasimulia watoto wa watu habari za Kilwa miaka yote, na Kilwa yenyewe hajaikanyaga. Magoti yanamsumbua. Anatembea vizuri mahali tambarare, ila ngazi na kupanda mawe ni mateso. Nataka afike akiwa bado na nguvu za kuangalia, asifike akitafuta pa kulala tu.

Nilivyochora mimi: Dar hadi Mloka, tuingie Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kisha Kilwa, kisha Lindi mjini, halafu Tendaguru kwa ajili ya huyu mdogo ambaye ana wazimu wa dainosaria, ndipo turudi. Vyote ndani ya wiki moja.

Je, inawezekana? Na IST itafika wapi na wapi haitafika? Mwenye uzoefu wa kuvuka na mzee kwenda Kilwa Kisiwani, kule kwenye magofu, anisaidie hapo zaidi.

DerevaWaKusini

Mkuu, nianze na barabara maana ndiyo kazi yangu.

Dar, Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru, Lindi: lami yote, IST inaenda. Hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Pale Rufiji utavuka daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Mwambie mama akusimulie habari za kivuko cha Ndundu, watu walikuwa wanalala pale wakisubiri zamu.

Angalizo la lami hiyo ni mvua. Mwezi wa tano 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga na magari yakakaa pande zote mbili. Mwezi wa sita mwishoni masika yamekwisha, kwa hiyo huna shida, lakini usiku usitembee. Kuna vipande vilivyotengenezwa upya, kuna malori yameharibika bila taa, na kuna watu na baiskeli pembeni. Ondoka Mbagala alfajiri, mchana uko Masoko.

Kwenye vijiji mwendo ni 50, na tochi za trafiki zipo. Kosa moja ni 30,000, ukizembea vijiji vitatu umeshamaliza hela ya boti.

Sasa Mloka. Ukifika Kibiti unaacha lami na kuingia vumbi hadi Mloka, geti la Mtemere liko mbele yake. IST itateseka, na ndani ya hifadhi isahau kabisa. Ukishafika Mloka itabidi urudi tena Kibiti ndipo ushuke Kilwa. Kwenye ramani vinaonekana jirani, ila gurudumu halisafiri kwenye ramani.

Bint Kivinje

Kaka, mkono wa mama naushika mimi, kwa sababu hapo ni kwetu.

Kaeni Masoko. Kuna gesti za kila mfuko, benki na sheli. Siku ya kufika msivuke. Mama apumzike, ale samaki, aone bahari. Jioni nenda ofisini ukaulizie kibali, maana magofu siku hizi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na huvuki kienyeji. Hapohapo utapewa mtembeza wageni. Chukua mwenyeji wa Kisiwani, anajua kila jiwe na anajua pia wapi pana kivuli.

Jambo kubwa ni maji. Mkivuka maji yakiwa yamejaa, boti inasogea hadi karibu na ufuko na mama anashuka kwa kushikwa mkono. Maji yakipwa, boti inakwama mbali na mnatembea kwenye tope na mawe makali. Hilo kwa magoti yake hapana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inakwenda mbali sana, kwa hiyo muulize nahodha jioni ya kabla: maji yanajaa saa ngapi kesho? Yeye ndiye apange saa ya kuondoka, siyo ninyi.

La pili ni upepo. Mwezi wa sita ni kusi. Asubuhi bahari imetulia, ikifika mchana inachafuka. Mlango wa kuvuka ni mfupi, hauzidi sana kilomita mbili, lakini mzee aliyekaa kwenye ubao mgumu huku maji yanamrukia hatafurahia msikiti wala ngome. Kwa hiyo tafuteni siku ambayo maji yanajaa asubuhi. Chukua boti ya mashine yenye maboya ya kutosha watu wote watano, yahesabu kabla hamjapanda. Na beba kiti cha plastiki. Ndiyo, kiti. Atakipandia boti, atakishukia, na atakikalia ndani ya Msikiti Mkuu wakati ninyi mnazunguka.

Mkishuka mnaanza na Gereza, lile ngome la pwani. Wareno walijenga hapo walipouvamia mji 1505, ila kuta nyingi mnazoziona ni za wakati wa Waarabu wa Omani. Kutoka hapo hadi Msikiti Mkuu ni karibu na njia ni nzuri. Humo msiwe na haraka. Ile sehemu ndogo ya kaskazini ndiyo ya kale, ya karne ya 11 na 12, na ile kubwa yenye kuba ni ya baadaye. Mwambie mtoto wa kidato cha pili apapase mawe ya mlangoni na kwenye kibla. Ni matumbawe. Fundi alikuwa anayachonga yakiwa mabichi yametoka baharini, laini, kisha yanakauka na kuwa magumu. Utaona alama za ndani za tumbawe lenyewe, kama vijinyota, na juu yake kazi ya mkono wa mtu. Mimi nimezaliwa karibu na hapo na bado nikifika huwa nashika lile jiwe.

Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, ndiyo shughuli. Iko mbali na magofu mengine, juu ya mwamba. Hapo mama akipenda asubiri kijijini ninyi mwende, au mwombeni nahodha awazungushe kwa boti mkapandie chini, ila kuna ngazi. Msimlazimishe.

Na kumbukeni Kisiwani wanaishi watu. Khanga begani, salamu kwanza, picha kwa ruhusa.

Mzee wa Rufiji

Naunga mkono hoja ya Bint, ila hifadhi usiifute mkuu. Watoto wa Dar wanamjua tembo wa kwenye noti tu. Nyerere ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na ina kitu ambacho mbuga za kaskazini hazikupi kirahisi: unaingia kwenye boti mtoni Rufiji, viboko huku, mamba kule, tembo wanakunywa ng'ambo. Mama anakaa tu kwenye kiti, hana haja ya kupanda wala kushuka. Na mbwa mwitu wako huko, ukibahatika.

DerevaWaKusini

Mzee wangu, hakuna anayebisha uzuri wake. Swali ni wiki moja na IST.

Mzee wa Rufiji

Ndiyo nakuja huko. Aiache IST. Hifadhi aifanye safari yake peke yake: mabasi ya Mloka yanaanzia Mbagala, wakifika wanakodi gari la hifadhi palepale, boti pia inapatikana. Mwezi wa nane hadi wa kumi ni bora kuliko wa sita, kwa sababu nyasi zimeshakauka na wanyama wanasogea kwenye maziwa. Wasivae nguo za bluu iliyokoza wala nyeusi, mbung'o wanazipenda. Malipo ya geti msibebe noti, ombeni namba ya malipo mapema mlipe kwa simu au benki.

Kaniki

Kwa hiyo jibu ni kugawa. Kilwa sasa, Nyerere likizo nyingine. Mimi ningefanya hivyo bila kufikiri mara mbili.

MwalimuWaHistoria

Nimechelewa, lakini suala la Tendaguru halijajibiwa na naona linamhusu mtoto, kwa hiyo nisiliache.

Ndugu, Tendaguru ni kilima porini, kaskazini magharibi ya Lindi. Njia ni ya fo-wili na mwenyeji, na juu ya yote, mifupa ya dainosaria haiko pale. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913 na kilichopatikana kikaenda Berlin. Mifupa ile kubwa ya Brachiosaurus, ambaye siku hizi wengi wanamwita Giraffatitan, imesimamishwa huko makumbusho, kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Mtoto wa darasa la tano ukimpeleka kwenye kilima chenye majani atalia.

Lakini usimnyime hadithi. Msimamishe Lindi, pale pwani, umwambie: mifupa ilitolewa porini hadi hapa vichwani mwa watu. Hapakuwa na lori. Mamia ya wapagazi, mwendo wa siku nne kwa mguu, mzigo baada ya mzigo, mpaka kwenye meli. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, na ndiye aliyekuwa na jicho la kuitambua mifupa ardhini. Watoto wetu wanajua majina ya maprofesa wa Kijerumani kuliko jina hilo. Mimi linaniuma, nalifundisha kila mwaka hata kama halimo kwenye mtihani.

Tena tazama tarehe. Uchimbaji umeanza 1909, miaka miwili tu baada ya Majimaji kuzimwa. Wale wapagazi walikuwa wametoka kwenye vita na njaa. Kwa hiyo ukitaka kumwonesha huyu wa kidato cha pili historia ya kusini kwa mpangilio, anzia Kilwa Kivinje, kama kilomita 25 kabla ya Masoko. Pana Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyonga wapiganaji wa Majimaji, na pana mnara. Boma la Wajerumani bado limesimama, na nyumba za kale za wafanyabiashara ziko mtaani, nyingine zimebaki kuta. Misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa iliishia kwenye pwani hiyohiyo. Mji wote ni tambarare, kwa hiyo mama atatembea.

Na mama, kama mwalimu mwenzangu, mpelekee hili akiwa kwenye kile kiti: msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Huyo ndiye wa Husuni Kubwa. Sarafu yake moja ilichimbuliwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, na sarafu nyingine za shaba za Kilwa ziliokotwa visiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944.

Bint Kivinje

Mwalimu umenena. Niongeze tu kwamba Kivinje waende siku ya kuondoka Masoko kuelekea Dar, iko njiani. Wasiichanganye na siku ya Kisiwani.

MwanaTemeke

Wakuu, sina cha kuwalipa. Nimemsomea mama uzi wote. Hapo kwa Boheti bin Amrani amenisimamisha nirudie, ameandika jina kwenye daftari.

Tumeamua hivi. Nyerere tunaiondoa, tutaifanya mwezi wa nane kwa basi, mimi na watoto. Safari hii ni Masoko moja kwa moja, siku ya pili mapumziko na kibali, Kisiwani tunavuka nahodha akisema maji yako sawa, hata ikibidi tusubiri. Songo Mnara, kile kisiwa kingine cha magofu, naitamani, ila nasikia ni mbali zaidi na unashukia kwenye mikoko, kwa hiyo nitakwenda na huyu mkubwa peke yetu kama hali ya hewa ikiruhusu. Kisha Lindi tulale, turudi kupitia Kivinje.

Dawa za mama ninabeba za ziada, na chandarua chetu. Mwenye namba ya nahodha mzuri aniwekee hapa.

Bint Kivinje

Namba za watu tusiziweke hadharani kaka. Ukifika, mwulizie mtembeza wageni wako akupe nahodha anayemwamini yeye, na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi pamoja na kuwasubiri kabla hamjapanda. Mwambie mapema kuna mzee, ili aje na kijana wa pili wa kushika boti wakati wa kushuka.