Sheria ya biashara kwa mtu wa SACCOS, nasomaje?

Karani_Mpya
Habari za jioni wakuu. Niko SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi huku mkoani, afisa mikopo, na nimeanza diploma ya jioni, somo linalonitoa jasho ni sheria ya biashara. Notsi zimejaa kampuni, wakurugenzi, soko la hisa, mara kesi ya Salomon ya 1897 (ile ya kampuni kuwa mtu tofauti na mwenye nayo), sasa nikirudi ofisini hiyo kampuni siioni, naona bodi, kamati ya mikopo na mhasibu anagombana na printa. Nasomaje hili somo liendane na kazi yangu?

Halafu kuna hili, mwalimu kasema makubaliano bila malipo halali, yaani kitu kinachotolewa kubadilishana na ahadi, ni batili. Haya, mdhamini kwenye fomu yetu ya mkopo analipwa nini? Hapati hata soda. Ina maana wale wote wamesaini hewa?? Paper karibuni jamani msinicheke

Babu_Kanuni
Hakuna wa kukucheka, hilo swali la mdhamini ni zuri kuliko notsi zenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imechukua mambo mengi toka sheria ya mikataba ya India ya 1872, na jibu limo humo humo kwenye sehemu ya udhamini: chochote kilichofanywa kwa faida ya mkopaji kinatosha kuwa malipo halali kwa mdhamini. Si lazima yeye apate kitu. SACCOS imetoa hela kwa fulani kwa sababu wewe umesaini, imetosha, umebanwa.

Ila sasa angalia tarehe. Fungua faili moja hapo ofisini uone mkopo umetoka lini na mdhamini kasaini lini. Kuna maofisa wanatoa hela kwanza maana mkopaji ana msiba au ada ya mtoto, halafu wiki inayofuata wanamkimbiza mdhamini korido nzima asaini. Hapo mkopaji ameshapewa, hakuna kipya kilichofanywa kwa ajili ya ile sahihi, na wakili mwenye akili ataipangua. Ukiweka mfano huo kwenye paper msahihishaji ataamka usingizini.

Na Salomon usimtupe. Chama kikishaandikishwa kwa Mrajis, msajili wa vyama vya ushirika, kinakuwa mtu kisheria kama kampuni, kinashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, deni la chama si deni la mwenyekiti. Tofauti inaanzia kwenye kura, kampuni unapiga kura kwa uzito wa hisa zako, ushirika mwenye hisa mia na mwenye hisa tano kila mtu kura moja.

Dada_Hesabu
Babu unamchanganya, huyu ana mtihani. Mdogo wangu kariri vifungu, andika, faulu, hayo ya mafaili utayajua huko mbele. Mimi nilipita hivyo hivyo na sasa niko kwenye bodi

Babu_Kanuni
@Dada_Hesabu ndiyo maana bodi nyingi zinasaini mikopo ya benki bila kuuliza ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu chama kinachoruhusiwa kukopa, umepitishwa lini 😂 Utani huo, usinune. Ila ni kweli, SACCOS haiwezi kujikopea tu huko nje kwa sababu meneja na benki wameelewana, ukomo wa madeni unapitishwa na mkutano mkuu na Mrajis anaridhia. Kwenye notsi za kampuni hii mada ipo, kutenda nje ya mamlaka, wanafunzi wanaikariri kwa mifano ya reli za Uingereza wakati mfano uko kwenye kabati la katibu.

Karani kwa hiyo mpangilio wako uwe hivi: mada ikiitwa kampuni wewe fungua Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 pamoja na masharti ya chama chenu. Mada ikiwa leseni na usimamizi, soma Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni za SACCOS za 2019, humo SACCOS ziko daraja la 3, VICOBA na vikundi vya mtaani daraja la 4, na Benki Kuu imeikasimu Tume ya Maendeleo ya Ushirika kazi ya kuzipa SACCOS leseni. Watu wanadhani cheti cha Mrajis kinatosha kuanza kukopesha. Hakitoshi, leseni ni kitu kingine.

Wa_Nakuru
Hamjambo majirani. Huku Kenya mambo yanafanana lakini usije ukabeba notsi zetu ukazijibia mtihani wa Bongo. Sisi tuna Sheria ya Sacco ya 2008 ndiyo iliyoleta SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, na Sacco yenye FOSA (kaunta ya kuweka na kutoa hela kama benki) lazima iwe na leseni yao, na sheria yetu ya mikataba, Sura 23, inadai udhamini uwe kwa maandishi na umesainiwa, ahadi ya mdomo hupeleki popote. Ikifika mabishano ya mwanachama na chama hatukimbilii korti ya kawaida, kuna tribunal ya ushirika.

Ila shida ya mdhamini ni ile ile. Mimi nilimdhamini mwenzangu, akaacha kazi, Sacco ikakaa naye chini wakamwongezea muda na kubadilisha malipo, mimi sikuambiwa kitu, siku naomba mkopo wangu naambiwa akiba imefungwa. Sasa hiyo ni haki kweli?

Babu_Kanuni
Pole sana. Hapo inategemea fomu. Kanuni ya jumla, kwenu na kwetu, mkopeshaji akibadilisha mkataba na mkopaji au akakubaliana naye rasmi kumwongezea muda bila mdhamini kuridhia, mdhamini anachomoka. Lakini kukaa kimya tu bila kumdai mkopaji hakumwachii mdhamini, wanafunzi wengi wanaanguka hapo, wanadhani uzembe wa kudai ni sawa na kumwongezea muda. Sasa rudi kwenye fomu uliyosaini usome yale maandishi madogo juu ya sahihi, mara nyingi kuna sentensi kwamba udhamini utaendelea hata mkopo ukipangwa upya. Kama ipo, ulisharidhia tangu siku ile. Kama haipo, una hoja, waandikie barua ukiomba nakala ya makubaliano mapya. Na ukishalipa deni lake unachukua nafasi ya Sacco, unamdai wewe pamoja na dhamana yoyote aliyoweka.

Karani_Mpya
Aisee asanteni, nimeenda kuisoma fomu yetu saa hizi. Sehemu ya mdhamini ina jina, namba ya uanachama, kiasi anachodhamini, na mstari mmoja "nakubali akiba zangu zikatwe mkopaji akishindwa". Kupanga upya haijatajwa popote. Na juzi tumewapangia upya watu kadhaa 😬 wadhamini hawajui

Dada_Hesabu
Haya sasa. Mwambie meneja kesho asubuhi, na wadhamini waitwe wasaini ridhaa kabla hamjapanga mwingine

Babu_Kanuni
Na wale mliokwisha kuwapangia bila ridhaa, hiyo mpelekee mwanasheria wa chama, usiitengeneze kwa kurudisha tarehe nyuma. Nakuomba sana, hilo usilifanye.