Tupeane uzoefu: watoto na sanaa ya maua nje ya nyumba

Habari zenu wakuu. Likizo ya Disemba hapa Dar mikrismasi imewaka mtaani, na kila asubuhi chini kumetapakaa petali nyekundu. Wanangu na wa jirani huchora samaki au jogoo mchangani kwa kijiti, halafu wanajaza ndani kwa petali. Mdogo wao ndiye aliyenionyesha kwamba ua la mkrismasi lina petali nne nyekundu, na ya tano ni nyeupe yenye madoa. Hizo za madoa anazitenga, ndiyo macho na magamba. Sheria yetu ni moja: tunaokota yaliyoanguka, hatuchumi. Kwenu mnatumia maua gani? Na mnafanyaje ili kazi idumu?

Mwalimu wa chekechea, Arusha
Sisi ni jakaranda, kuanzia Oktoba. Tunatoka mapema, maana jua likishapanda maua yanasinyaa. Watoto wanapanga duara kuanzia katikati: kitovu ni tunda kavu la jakaranda, lile bapa lililopasuka, kisha mzunguko wa maua, kisha majani mabichi. Ushauri wangu kwa wazazi: usimtengenezee mtoto mfano. Ukitangulia wewe, wote watanakili chako na hutaona walichokuwa nacho kichwani. Kuhusu kudumu, mimi napiga picha tu. Upepo ukichukua, kesho wanapanga kingine.

Mama wa watoto watatu, Nairobi
Jaribuni hibiskasi nyekundu, lile ua la uzio lenye ulimi mrefu katikati. Mtoto anasugua petali kwenye karatasi nyeupe, na badala ya wekundu inatoka rangi ya zambarau. Hapo tayari wanaanza kubishana. Sasa wape kipande cha limau wadondoshee: papo hapo panageuka pinki. Pembeni weka maji yenye magadi kidogo, wachovye kijiti na kuchora juu ya zambarau ileile, mstari unatoka wa bluu au kijani. Rangi ya petali inabadilika ikikutana na asidi, na inabadilika tofauti ikikutana na magadi. Binti yangu alichora machweo mazima kwa ua moja na nusu limau, na siku hizi kila ua analoliona anataka kujua litageuka nini. Magadi shika wewe mtu mzima, yanawasha mikono.

Muuguzi, Morogoro
Mazuri yote haya, lakini wafundisheni kwanza yasiyoguswa. Mnyaa wa uzioni una utomvu mweupe, ukiingia jichoni ni maumivu makali. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi na mkimbize mtoto hospitali. Olianda, ya pinki na ile ya njano, ina sumu kuanzia jani hadi mbegu. Mnanaha nao, wenye ua jeupe la tarumbeta, usiokotwe kabisa. Mimi huzunguka uwanja kwanza, ndipo nawaachia. Wakimaliza wananawa kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Shangazi, Unguja
Kwetu mtoto wa kike aliyajua maua kwa kutunga. Asumini huchumwa jioni yakiwa bado matumba, maana hufunguka usiku. Bibi anatandika mkeka uani, wajukuu wanamzunguka, anawaonyesha kikuba, kishada kidogo cha kunukia: asumini, waridi, mkadi, rehani. Anayeharakisha, maua yake yanachanika na anarudia. Wa kiume pia wafundisheni, wangu anatunga kuliko dada zake.

Baba Pili, Tanga
Mkuu, la kudumu ni bogenvilia. Sehemu yenye rangi ni nyembamba kama karatasi, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati. Laza kati ya kurasa za gazeti, weka matofali juu, acha mpaka ikauke kabisa, na gazeti ulibadilishe likipata unyevu. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Sisi tunabandika kwenye maboksi, zinakuwa kadi za Idi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Shangazi, wangu mdogo ana miaka mitano, sindano naiogopa. Atatungaje?

Shangazi, Unguja
Mpe chelewa mwanangu, kijiti kimoja cha ufagio, kioshwe. Anachoma asumini moja moja mpaka kijae, kisha unamfungia ncha kwa uzi.